Majibu Niliyompa Daktari wa Mama

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nikiwaachia wengine watausimulia vibaya. Daktari alimuuliza mama yangu damu inatoka wapi, mama akanijibu, na mimi nikampelekea daktari jibu jingine. Halafu, kwa kuwa jibu lile la kwanza lilipita bila kukwama, nikamtungia na mengine yote.

Kumfasiria mama hakukuwa kazi yangu. Hospitali ya kampani ilikuwa na muuguzi wa kazi hiyo, mtu wa kwetu, aliyejua Kifaransa na Kiswahili sawasawa. Asubuhi ile hakuwapo. Yeye na nusu ya wauguzi walikuwa wamechukuliwa kwenda uwanjani kujifunza kuimba na kucheza, kwa sababu mkubwa fulani wa chama alikuwa anakuja kututembelea, na mkubwa wa chama hapokelewi na watu waliokaa. Wagonjwa tuliambiwa tusubiri, au kila mmoja aje na mdomo wake. Daktari alikuwa mgeni kutoka upande wa magharibi, huko kwa watu wa mto. Alijua Kifaransa na Kilingala. Kiswahili chake kilianza na "jambo" na kuishia na "pole".

Mama angeweza kuja na jirani yetu, mke wa fundi wa umeme, aliyesoma kwa masista na kujua Kifaransa kuliko mumewe. Alimkataa tangu nyumbani.

"Ule mama kinywa yake iko redio," alisema. "Nitaenda na tata."

Tata ndiye mimi. Nina jina la baba yake mzazi, na kwetu, watu wa kaskazini, ukipewa jina la mzee wewe ndiye mzee, hata kama kamasi zinakutoka. Tangu sijaota meno mama ananiita baba yake. Hata akitaka kunichapa anachapa kwa heshima: "Tata, samehe, geuka." Basi aliona siri ikikaa kwangu imekaa kaburini. Upande wa pili wa jambo sijui kama aliufikiria: kwamba binti hawezi kumwambia baba yake habari za chini ya kikwembe chake, na baba hawezi kuziuliza. Labda aliufikiria, akaona hana mwingine. Baba mzazi, yule wa kweli, alikuwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, na aliposikia tu kwamba mkewe anaumwa huko kwenye mambo ya wanawake alianza kupiga viatu vyake rangi, asije akaulizwa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa tano wa sekondari, bingwa wa kuwachekesha wenzangu na kuchapwa kwa ajili hiyo.

"Sitwayeni, una tatizo gani?" daktari akauliza, yaani mwananchi, kama chama kilivyotaka tuitane. Kifaransa chake nakifasiri hapa mwenyewe, safari hii bila kudanganya.

Mama alikaa kwenye ncha ya kiti. Hakunitazama mimi, alitazama mizani ya kupimia watoto iliyokuwa kwenye kona.

"Tata, umwambie, iko damu. Kila nikienda ku choo. Miezi tatu sasa." Akashusha sauti. "Ku nyuma."

Kwa Kifaransa nililijua neno moja tu la mahali pale, lile tunaloliandika kwenye ukuta wa choo cha shule, na mwaka ule ule lilikuwa limenipatia viboko sita. Lile la adabu sikulijua. Nikajiona nikilitamka la ukutani, jina la babu mwilini mwangu, binti yangu pembeni, mbele ya bwana mwenye abakosti, lile koti la chama lisilo na tai, chini ya koti jeupe. Kicheko kikanipanda mpaka puani.

"Anatoka damu, daktari," nikasema. "Mambo ya wanawake."

"Aa." Akavuta fishi mpya, karatasi ya kuandikia habari za mgonjwa. Hakumgusa, hakumwambia alale. Alishika kalamu. "Alivunja ungo akiwa na miaka mingapi?"

"Anauliza nini?" mama akasema.

Hebu niambie, hilo ungelimuuliza vipi? "Anauliza kama unakula vizuri."

"Umwambie nakula."

"Kumi na miwili, daktari."

"Mimba ngapi?"

"Kumi na moja. Timu nzima ya mpira. Kipa ndiye mimi."

Daktari akacheka. Nami nikacheka, na kwa kuwa wanaume wawili waliosoma walikuwa wanacheka, mama naye akatabasamu, akavuta kikwembe kifunike magoti.

"Anasema nini?"

"Anasema una afya."

"Zilizoharibika?" daktari akaendelea. "Waliokufa?"

"Hakuna. Wote wanakula."

"Alinyonyesha?"

"Mpaka mbuzi wakaona wivu."

"Na hedhi, imeanza kuruka?"

"Inaruka kama chura, daktari."

Alicheka mpaka akafuta miwani. Nilijisikia mkubwa. Shuleni waalimu hawakucheka hata siku moja. Akaandika, akapiga mstari, akamsemea mama usoni kwa Kifaransa, polepole, kana kwamba upole wa mwendo utageuka Kiswahili: tumbo la uzazi lililobeba kumi na mmoja ni kama kiatu cha mchimba migodi, limekwisha soli. Umri umefika, damu inaaga vibaya. Tutalisafisha.

"Njo anasema vipi?"

"Wataosha ndani, Jumanne."

"Asante, dokta," mama akasema, akapiga magoti kidogo.

Jumanne wakamkwangua tumbo la uzazi. Wale wanaojua wanajua. Mimi nilijua kwa namna alivyorudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba yai kati ya mapaja. Alilala siku nne na homa, meno yakigongana. Siku ya pili aliniita karibu na kitanda.

"Tata, baliniingilia mbele. Shi nilisema nyuma?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kupita. Nikasema, "Huko ndani njia zinakutana, mama."

"Aa," akasema. "Bale banasoma."

Jumamosi nikaenda kanisani kutubu. Nikamwambia padri nimesema uongo mdogo. Hakuuliza mdogo wa kiasi gani, alikuwa na foleni ndefu nyuma yangu. Nilipewa Salamu Maria tatu, nikazimaliza kabla sijafika kwenye geti, nikaenda kucheza mpira.

Damu haikukoma. Mama alijifungia vitambaa, akavifua mwenyewe alfajiri kabla kambi ya wafanyakazi haijaamka, akavianika ndani, juu ya jiko. Akaanza kula pemba, ule udongo mweupe wa sokoni ambao wajawazito hutafuna. Alikuwa anatafuna kama sukari, midomo inabaki na chokaa. Mwili wake ulikuwa unadai damu, lakini kambini mwanamke akila pemba maana yake ni moja.

"Shoga, hata kiisha kusafishwa?" mke wa fundi wa umeme alimpigia kelele pale bombani, mbele ya ndoo ishirini. "Ule bwana yako iko na moto kuliko kiwanda!"

"Acha," mama akasema.

"Miaka makumi ine na sita! Utazala mutoto na mvi!"

Wanawake wakafa na kicheko. Mama akabeba ndoo yake. Angewajibu nini? Kwamba si mimba, ni damu ya choo? Afadhali aonekane mwanamke asiyeshiba mume. Baba naye aliposikia uvumi hakuukana; alianza kutembea kifua mbele. Na mimi, kwa kuwa siwezi kuona watu wanacheka bila kutia mkono, niliwaambia wenzangu pale pale bombani: "Timu imekamilika, mama anatafuta mchezaji wa akiba." Mama alikuwa hajafika mbali. Ndoo kichwani, hakugeuka, maji tu yakamwagika kidogo begani.

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha kambi, tulikuwa tunazibua mtaro. Wanawake walikuwa na majembe, sisi vijana na toroli. Mama aliinama, akainuka, akainama, halafu hakuinuka. Alianguka kwa upande, taratibu, kama mtu anayelala. Kikwembe chake kilikuwa kimelowa kwa nyuma.

"Mimba inatoka!" mke wa fundi wa umeme akapiga kelele. "Banaume, mugeuke!"

Wanaume wakageuka. Wanawake wakamzunguka na vikwembe vyao, kwa wema kabisa, wakimfunika mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufunika. Mimi sikugeuka. Niliuona uso wake katikati ya miguu yao. Ulikuwa na rangi ya jivu la makaa, na macho yalikuwa wazi, yananitazama mimi, yakisubiri baba yake aseme. Nilikuwa nimeshika mikono ya toroli. Nikasukuma toroli mpaka jalalani, nikalimwaga, nikarudi. Walikuwa wamekwisha kumbeba nyumbani.

Jumatatu sikuingia shule. Nilikwenda hospitali peke yangu, nikasubiri mpaka saa sita. Daktari alikuwa na wauguzi watatu chumbani, na yule mfasiri mmojawapo.

"Mchekeshaji!" akasema. "Timu haijambo?"

"Daktari, ile damu haikuwa ya mbele."

"Ya wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Kidole sikisikii. Sema."

Nikasema lile neno la ukutani. Muuguzi mmoja wa kike akaziba mdomo. Daktari akaniambia nirudie. Nikarudia. Kwa sauti, akasema, mama yako anastahili sauti. Nikapaza. Ndipo akanifundisha lile la adabu, silabi kwa silabi, kama wanavyotufundisha shuleni, na nikalitamka mara tatu. Lilikuwa neno fupi tu. Mtoto wa darasa la pili angeliweza.

"Na kumi na moja?"

"Nilitunga."

"Na kumi na miwili?"

"Nilitunga yote, daktari."

Akachukua fishi ya mama, akaikata mistari miwili kutoka kona mpaka kona. "Nimemkwangua mwanamke kwa sababu ya mzaha wako," akasema. Kwamba ilikuwa pia kwa sababu hakumlaza hata mara moja kitandani akaangalie mwenyewe, hilo hakulisema. Nalisema mimi, ingawa halinipunguzii kitu.

Kesho yake mama alikuja. Nilimwambia tu kwamba daktari anamwita. Wakampima na bomba la chuma lenye taa, mimi nikiwa nimesimamishwa uso ukutani, nikisikiliza pumzi yake. Hakulia. Alikuwa anahesabu kitu kwa Kiluba, chini chini.

Daktari alivua glavu, akanieleza. Ndani, kwenye ukuta wa utumbo mkubwa, kulikuwa na vinyama vimeota, kama uyoga kwenye gogo bichi. Vingine vina mguu. Hivyo vinafungwa kitanzi na kukatwa, na mgonjwa analala kwake. Lakini kimoja kilikuwa kikubwa, kimekaa bapa, hakina mguu. Kinyama cha namna hiyo kikiachwa huanza kuoza na kuwa kansa.

"Kimeachwa muda gani?" nikauliza.

"Wewe ndiye uniambie."

Akachukua fishi nyingine, nyeupe, akataka tuanze upya: kuvunja ungo, mimba, zilizoharibika, kunyonyesha, kukoma. Yule muuguzi mfasiri akasogea. Daktari akamzuia kwa mkono. "Huyu," akasema. "Huyu ndiye mkalimani wake."

Nikauliza, kwa kutafuta mahali pa kujificha, uzazi una kazi gani na ugonjwa wa nyuma. Akasema wapo waalimu wake wanaojiuliza kama mwanamke aliyezaa sana, au aliyeanza damu mapema, au aliyekoma mapema, huota vinyama hivi zaidi ya wengine au pungufu. Labda mimba humkinga. Labda mambo hayo hayahusiani kabisa. Yeye hajui, na hajaona anayejua. "Na hatutajua," akasema, "ikiwa fishi zinajazwa na wapumbavu. Uliza."

Nikageuka. Mama alikuwa ameketi kwenye ncha ya kiti kile kile.

"Mama, daktari anauliza ulivunja ungo lini."

"Ile siku ya kwanza hakuuliza hii?"

"Aliuliza."

"Nani alijibu?"

Nikamtazama daktari.

"Tata. Nani alijibu?"

"Miye."

Akaangalia ile mizani ya watoto. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Alianza kujibu, sauti sawa, kama anayesoma orodha ya soko. Miaka hakuijua. Kimo chake kilikuwa kinafika kwenye titi la mama yake, na ilikuwa mwaka panzi walikula mahindi. Daktari akapiga hesabu, akaandika kumi na tano.

Mimba saba.

"Wa kwanza alitoka mbele ya saa, kule Kipushi, mu nyumba ya muyomba yangu. Tulimuzika nyuma ya jiko. Wa pili alilia, akakaa siku mbili. Wa tatu njo yaya yako." Ndiye kaka yangu anayefanya kazi Likasi. "Wa ine hakulia. Wa tano hakulia. Kiisha weye. Kiisha dada yako."

Nilifasiri. Wa kwanza, wa pili. Kifaransa changu kilikuwa safi kabisa, mwalimu angenipa alama zote. Nilipofika kwa wa tano nikaanza kuhesabu upya kwa vidole, daktari akasema, "Endelea."

"Weye nilikubeba na bwoga," mama akasema. "Nilikupatia jina ya baba yangu kusudi kifo imwogope muzee, ipite. Umwambie na hiyo."

"Hiyo hakuuliza, mama."

"Umwambie."

Nikamwambia. Daktari hakuwa na mahali pa kuiandika.

Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka miwili iliyopita. Kunyonyesha: alinyonyesha watatu, na mara nne nyingine maziwa yalikuja hayakumkuta mtu.

Walimpasua baada ya siku tisa, walipokwisha kumwongezea damu ya baba na ya kaka yangu. Yangu walisema haifanani. Walikata kipande cha utumbo chenye kile kinyama, na ncha iliyobaki wakaitoa nje, ubavuni kushoto, ipumzike. Kwa hiyo choo cha mama sasa kilitoka tumboni, chenyewe, bila kuomba ruhusa, kwenye vitambaa. Kipande kilipelekwa kwa ndege Kinshasa kuangaliwa. Jibu lilipofika daktari alisimama mbele ya kitanda chake akitabasamu, akaongea Kifaransa laini, na mama akatabasamu naye. Alichokuwa anasema ni hiki: kile kinyama kilikuwa kimeanza kuharibika katikati. Tumekata mbali, labda tumewahi, labda hatukuwahi, miaka ndiyo itasema. Mkalimani wako angekuja na ukweli ile siku ya kwanza, huenda tungekikuta bado kinyama tu.

Akanigeukia, tabasamu lile lile. "Mfasirie."

"Daktari..."

"Neno kwa neno."

Nikafasiri, neno kwa neno. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aliomba maji. Nilimpa, akanywa, akarudisha kikombe kwa muuguzi.

Wiki tatu nyumbani zilipita kama kawaida. Alinipa chakula, aliniuliza shule. Kambi nzima ilikuwa imeambiwa mimba ilitoka vibaya, wanawake wakaja na unga na kuku, mke wa fundi wa umeme akalia kuliko wote. Mama akawapokea, akawashukuru kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwapo. Mimi niliacha mizaha, na hakuna aliyeona tofauti.

Siku ya kurudi kuonwa na daktari niliamka mapema. Nilioga, nikavaa shati la shule, nikasimama mlangoni kumsubiri. Alitoka amevaa kikwembe kipya, amejifunga ubavu vizuri, akitembea polepole, na mkononi amemshika dada yangu, mwenye miaka kumi, nywele zimesukwa. Alinitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Bakia," akasema. "Huyu Kifaransa yake iko kidogo, lakini ile anajua anaisema. Weye, bitambaa yangu iko mu beseni. Ufue, na uanike inje, ku kamba, bantu baone. Bakikuuliza inatoka wapi, ubaambie."